Sauti ya Odilia Kwenye Sabufa Mpya

Odilia wa hapa Majengo aliimba sauti ya kwanza kanisani tangu alipokuwa msichana wa shule kule Peramiho mpaka magoti yalipomkatalia kusimama misa nzima. Hakulipwa wala hakupigwa picha. Alilima mahindi, akazika mume, akawafundisha nusu ya wanawake wa mtaa huu kushika pumzi. Uimbaji huo wote umebaki kwenye kanda moja, ya enzi ambazo kwaya ilifanya mazoezi ya kutosha kabla ya kuthubutu kurekodi.

Juzi mjukuu wake, Edwin, aliihamishia kanda ile kwenye flashi, akanunua na sabufa mpya yenye taa za kuzunguka kama za baa. Nikaitwa mimi jirani yao nikasikilize.

Niliyoyasikia yalikuwa bati linalokatwa kwa msumeno. Odilia alikaa mikono mapajani.

"Kumbe ndivyo tulivyokuwa tunaimba?" alisema taratibu. "Na watu walituvumilia miaka yote ile?"

"Rekodi yenyewe mbovu, bibi," alisema Edwin. "Ngoja niifute, nikuwekee nyimbo za kisasa."

"Thubutu!" nilifoka. "Ninyi hamwimbi bila kipaza sauti mdomoni. Huyu alisikika mpaka barabarani bila waya hata mmoja!"

"Basi itengeneze wewe, babu. Si umesoma vitabu vya redio?"

"Nimevisoma, tena kwa kibatari. Lete rimoti."

Kwenye sabufa, sauti nyembamba, ile ya treble, ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Nikamuuliza kwa nini.

"Majirani wajue tumenunua."

Majirani! Zamani mwenye redio aliwaita majirani ndani, wakaketi, wakanyamaza. Leo anawatupia kelele dirishani, na hiyo ndiyo heshima. Niliishusha ile sauti nyembamba. Makali yakapungua, lakini ukakasi ukabaki. Nikavuta spika kutoka kwenye kona. Bado. Ndipo nilipokiangalia chumba: marumaru tupu, kuta tupu, kabati la vioo.

"Odilia, mikeka yako iko wapi? Na vile vitambaa vya kufuma?"

"Leticia kavifungia stoo. Anasema ni ushamba."

Leticia ni mkwewe, mama yake Edwin. Alijibu kutoka mlangoni, "Baba, siku hizi watu hawavishi makochi sketi."

"Siku hizi watu wanaishi ndani ya sufuria! Sauti inagonga ukuta, inarudi, inagonga sakafu, inarudi, halafu mnamsingizia mama wa watu kuwa hajui kuimba. Vitoe!"

Alivitoa akinung'unika. Tulitandika mikeka, tukavisha makochi, tukatundika blanketi zito kwenye ukuta unaotazamana na spika. Edwin akawasha tena.

Sasa zilikuwa sauti za watu. Odilia aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akajipiga kiganja gotini.

"Huyo Valence! Kawahi tena kuingia! Nilimwambia asubiri!"

Valence alikuwa mwimba besi, tulimzika zamani.

"Na hii ya juu ni ya nani, bibi?" aliuliza Edwin.

"Yangu," alisema Odilia, bila kujishusha. "Rudisha mwanzo, usikie."

Leticia alilitazama blanketi. "Mama, Jumapili nina wageni. Tutalitoa lini hili?"

"Halitoki," alisema Odilia. "Wageni wako wavue viatu, wakae mkekani, wasikilize."