Udongo wa Zizi la Babu

Udongo wa zizi lililoachwa una harufu yake. Si harufu ya samadi mbichi inayochoma pua, bali harufu tulivu ya majani makavu na mvua ya jana, na ukiushika unaachia mkononi bila kunata. Kila nikiunusa narudi Mugango, nyuma ya jiko la mama, palipokuwa na tuta moja refu la nyanya kando ya ukuta. Hapo paa lilikinga mvua kubwa isiozeshe maua, na mbuzi hawakufika. Basi kila mwaka nyanya zilipandwa palepale, na kila mwaka, kabla ya kupanda, mama alisema maneno yaleyale: udongo umechoka, tuuhamishe. Alizungumza juu ya udongo kama watu wa kwetu wanavyozungumza juu ya ng'ombe waliokaa zizi moja muda mrefu mno.

Kazi tuligawana. Dada Nyangeta, aliyenizidi miaka sita, alichimba tuta kwa kina cha jembe zima, akaumwaga udongo wa zamani kwenye shamba la mihogo, pale mama alipozoea kukaa akimenya. Mimi nilileta udongo mpya kwa karai kutoka zizi la babu lililohamwa zamani, ng'ambo ya mashamba ya pamba. Safari moja ilitosha kukausha koo, na tuta lile lilimeza karai nyingi. Mwisho mama alichanganya majivu, akamwagilia, ndipo akafungua kibuyu cha mbegu. Kibuyu hicho alitoka nacho kwao alipoolewa. Mwaka mmoja alimwahidi Nyangeta kwamba msimu huo tuta litakuwa mikononi mwake, na nyanya zikizaa vizuri kibuyu kitakuwa chake.

Mwaka ule mama alikwenda Kibara msibani siku tatu, akatuachia kuandaa tuta. Nyangeta alichimba, kisha akashuka ziwani kufua na kuchota maji. Mimi nilikwenda zizini mara nne. Mara ya tano niliwakuta wenzangu wakicheza mpira njiani, nikacheza mpaka jua likainama. Ndipo nikapata akili mbovu ninayoijutia hadi leo. Nilipita shamba la mihogo, nikajaza karai udongo uleule alioumwaga dada, nikaurudisha kwenye tuta mpaka likajaa. Juu nikatandaza ule kidogo wa zizini niliokuwa nimeurundika kando. Mama aliporudi aliingiza vidole, akanusa, akanisifu.

Nyanya zilishika, zikachanua, zikaweka matunda ya ukubwa wa gololi. Kisha mchana mmoja mche ukalegea ukiwa bado wa kijani, kesho yake mitatu, mpaka tuta zima likalala kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Mama alimuuliza Nyangeta kama alimwagilia jua likiwa kali. Dada akakana.

“Udongo tumehamisha, mbegu ni zilezile,” mama alisema. “Kilichobaki ni mkono wako.”

Nyangeta alinitazama. Nilikuwa naosha karai, nikaendelea kuliosha hata lilipokuwa safi. Kibuyu kikarudi darini. Kwa kuwa bustani haikumhitaji tena, mwaka uliofuata dada alipelekwa Kisorya kwa shangazi kusaidia kuanika dagaa, akaolewa hukohuko. Mimi nikaenda sekondari Musoma. Mama alifariki bila kujua, na kibuyu kikaangukia kwangu.

Sasa nina kitalu nyumba hapa Bunda, nyumba ya nailoni waliyonijengea wanangu nilipostaafu. Matuta ya pembeni yamebanana na ukuta, nayo hayana pa kuhamia. Bwana shamba hunishauri dawa za udongo, na vijana wa mtaani wananicheka kwamba mzee ana nyumba anayoibadilisha sakafu kila mwaka. Nawaacha wacheke. Nachimba kina cha jembe zima, na udongo mpya naufuata Butiama kwa guta la mizigo la magurudumu matatu, kwa mfugaji aliyehamisha zizi lake. Nyanya zangu ni kubwa kuliko zote alizowahi kuvuna mama. Sijawahi kuzila kwa raha.

Mwaka jana Nyangeta alikuja kunisalimia. Alinikuta natandaza udongo. Aliegemeza fimbo yake, akainama taratibu, akachota kiganja, akanusa.

“Wee Magesa,” akasema, “huu umetoka zizini kweli?”

Chepe likanitoka mkononi. Nilimuuliza alijua tangu lini.

“Tangu siku ile. Niling'oa mche mmoja, nikakuta maganda ya mihogo kwenye mizizi.”

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

“Ulikuwaga mdogo, na baba alikuwaga na mkono mzito wa kuchapa. Nikajua utasema mwenyewe.”

Basi nikasema. Nilisema yote palepale, kuanzia mpira, mzee mwenye mvi nikiwa nimesimama ndani ya shimo. Nilipomaliza nikaenda ndani kumletea kibuyu. Alikitikisa sikioni, hakikuwa na kitu, siku hizi mbegu zangu hutoka kwenye pakiti. Akakipakata hivyohivyo, akaketi juu ya ndoo niliyoipindua, akatazama kona niliyokwisha kuimaliza, akaniambia pale sikufika kina. Nikaokota chepe, nikachimba.