Bon Appétit ya Tonton Pascal

Kila nikisikia harufu ya liboke, samaki aliyefungwa kwa majani akaiva taratibu juu ya makaa, nacheka peke yangu, na watoto wangu wananiuliza kama kichwa kiko sawa. Leo niwaambie ninyi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, nyumbani kwetu Kabondo, mjini Kisangani. Mama mmoja kutoka Ghana, mgeni wa parokia, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, alikuwa aje kula kwetu Jumapili. Papa, mvuvi wa kwenye maporomoko, akatangaza mtaa mzima: "Mutoto yangu ndiye atamukaribisha. Ule anapiga Anglais!" Jamani, kwa Kiingereza mimi nilijua salamu na siku za juma tu! Nikishindwa, Papa angechekwa mpaka Krismasi.

Aliyeninoa ni Tonton Pascal, mdogo wake Papa, mwalimu wa Kiingereza. Kwake neno la Kifaransa likiponyoka katikati ya Kiingereza, rula inalia mezani. "Anglais ni Anglais! Usinichanganyie!" Wiki nzima alinikaririsha hotuba ya kumkaribisha mgeni. Kasoro kitu kimoja. Kwetu hakuna anayegusa chakula kabla mwenyeji hajawatakia watu mlo mwema kwa Kifaransa, bon appétit, na nilipomuuliza Waingereza wanasemaje, alikohoa, akasema tutaona kesho. Kila siku ikawa kesho.

Jumapili liboke liliwekwa mezani, majirani wakajaa mpaka dirishani. Nilisema hotuba yote bila kujikwaa, Papa akavimba kwa furaha. Kisha nikafika pale pa bon appétit, nikakwama. Neno la Kifaransa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na Tonton amenitolea macho. Nzi wakaanza kula bila sisi.

"Sema basi, mama," Papa alininong'oneza, "samaki inapoa!"

Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Mgeni alinitazama, akatazama samaki, njaa ikamshinda. "Bon appétit!" akasema, akatia mkono sahanini.

Dirishani wakaangua kicheko. "Kumbe anajua Français! Anglais ya mutoto iko wapi?" Papa akainamisha kichwa.

Tonton Pascal akasimama, uso mkavu. "Wajinga ninyi! Ile ni Anglais. Mutoto amemuachia mugeni aseme, ni adabu yao. Alors, kimya, tukule!"

Papa akainua kichwa, akala samaki watatu.

Miaka mingi tulimtania. Kwetu mtu akidanganya tulisema ametoa Anglais ya Pascal, na mimi ndiye niliyeanzisha, sina haya. Mpaka nikaenda kusomea ukalimani, nikafungua kamusi ya Kiingereza, nikaikuta: bon appétit, imekaa kati ya maneno yao kama mwenye nyumba, na maelezo kwamba huambiwa watu wanaotaka kula. Aibu ilinipata. Nikamkumbuka yule mtu wa rula akisimama mbele ya mtaa mzima, akisema asichokijua, ili kaka yake asiinamishe kichwa. Na sisi tulimlipa kwa kicheko.

Nilirudi Kisangani, nikamwekea kamusi magotini. Alisoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"We mutoto," akasema polepole, "na mimi siku ile nilifikiri ninadanganya."