Sukari ya Chini ya Kikombe

Patricia si mtu wa kumeza hasira, na asubuhi ile majirani wa mtaa wa Gasenyi walimsikia bila kutega sikio.

"Mama, sema ukweli! Unamuwekea mutoto sukari kwa maziwa?"

Mama mkwe wake, Médiatrice, alishika kifua. "Mi? Tangu mutoke kwa daktari sijagusa sukari. Unanionea, Mama Nella."

Ebo! Nani angemwamini? Si ndiye aliyesema kumpa mjukuu maziwa matupu ni kumfanya yatima? Mtaani pale ukimpa mgeni maziwa bila sukari, utaitwa mchoyo mpaka ufe.

Lakini gego jipya la Nella, lile la kudumu, lilikuwa na doa jeupe. Daktari wa meno alikuwa amemweleza Patricia kwamba kwenye maziwa kuna protini iitwayo kazeini, nayo ikivunjwa hutoa vipande vidogo, peptidi, vinavyoshika kalsiamu na fosfati na kuziweka karibu na jino ili ganda lake lipate nguvu. "Ila ukitia sukari, vijidudu vya mdomoni vinaigeuza asidi, na hiyo inabomoa kuliko maziwa yanavyojenga. Doa hili bado linaweza kutulia. Likitoboka, halijizibi tena." Patricia, anayetafuna upande mmoja tangu ang'olewe magego yake, alitoka pale akiwa na hofu tele.

Sasa alikuwa amemulika kinywa cha mtoto kwa simu na kuona doa limekuwa la kahawia. Akamwambia mama mkwe asimlishe tena Nella. Médiatrice alikunja vitenge vyake, akarudi kwake Ruziba.

Patricia akaenda kwenye kibanda chake cha maziwa. Wateja walikunywa, wakajichotea sukari kwa vijiko vya kujaa, wakaondoka. Mchana Nella akatoka shule, akakusanya vikombe kuviosha kama kawaida yake. Patricia aligeuka kuchukua maji, akamwona mtoto ameinua kikombe, anamalizia maziwa ya mteja, kisha anakwangua kwa kidole sukari iliyotuama chini.

"Nella! Unafanya nini?"

Mtoto akashtuka. "Ulisema maziwa haimwagwi, mama. Ni vibaya. Kila siku namaliza."

Kweli, alisema. Kwao na kwa mumewe, maziwa hayamwagwi. Akakaa juu ya ndoo.

Alifunga kibanda, akamkimbiza mtoto kwa daktari. Daktari aligusa gego kwa kichokonoo chake, na ncha ikazama. Nella akalia. Patricia naye akalia, bila aibu.

Nje ya mlango alipiga simu Ruziba. Ilipokelewa haraka, kana kwamba mtu alikuwa ameishika mkononi.

"Mama Nella? Jino la mutoto ikoje?"

"Imetoboka, mama." "Na haikuwa wewe. Ilikuwa kwangu, kwa kibanda, mbele ya macho yangu. Rudi nyumbani, mama, nakuomba."