Dakika Arobaini Angani

Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa mpima mizigo katika kiwanja kidogo cha ndege cha mji wetu. Kutoka hapo hadi kiwanja cha mji wa wazazi wake ni dakika arobaini angani. Kwa basi, barabara inavyozunguka milima, unaondoka alfajiri na kufika giza limeshaingia, mgongo umekufa ganzi.

Ndege yenyewe ni ndogo. Abiria hupandishwa kwenye mizani pamoja na begi lake, na jua likiwa kali, hewa ya joto haibebi vizuri, rubani hupunguza uzito. Hapo lazima mtu abaki. Wifi alijiwekea utaratibu wake: ndugu zake ndio wa kwanza kubaki, asije mtu akasema kiwanja kimegeuzwa sebule ya ukoo. Hata mimi alinitoa, nimevaa suti yangu ya semina, mbele ya watu niliowafundisha shule. Nilinuna wiki nzima, lakini moyoni nilijivuna. Jina letu lilikuwa safi.

Kisha mama mkwe akazidiwa. Shemeji mkubwa alipiga simu asubuhi: mama anamuulizia bintiye, aje leo leo. Wifi alikata tiketi, akamwachia mwenzake mizani, akapanga foleni kama abiria yeyote. Nilimsindikiza. Saa sita jua lilikuwa linachoma, na rubani akatoka kusema uzito umezidi, apungue mtu mmoja.

Mwenzake alimtazama. Fundi mmoja wa friji, tumbo mbele, akatania kwa sauti kwamba leo tutaona kama mizani inajua undugu. Watu wakacheka. Wifi akaokota begi lake, akatoka kwenye foleni.

Nilimshika mkono, nikamsihi aeleze kuwa mama yake yuko mahututi. Hata yule fundi angeona haya. Akanijibu kwamba kila mtu pale ana shida yake, na ndege ya kesho ipo.

Ya kesho tulipanda sote wawili. Tulikuta turubai limeshafungwa uani.

Baada ya mazishi, wageni wakiwa bado wameketi, shemeji alimgeukia wifi.

"Dakika arobaini, dada. Zilikushindaje?"

Nilidakia kabla hajafungua mdomo. Nikasema ndege iliharibika, nikapamba na maelezo ya injini, mpaka wakwe wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma.

"Ndege ilikuwa nzima, wifi," akasema. "Nilijitoa mwenyewe kwenye foleni. Watu walinicheka."

Shemeji hakupandisha sauti.

"Mama alikuita mpaka sauti ikakauka. Rudi kwenye mizani yako. Hapa hatupimi watu."

Hakuna aliyemtetea, hata mmoja kati ya wale aliowalindia jina miaka yote hiyo. Yule fundi, nilisikia baadaye, alikuwa anawahi harusi.

Wifi alichukua begi. Ndege hakutaka hata kuiona. Alisema atarudi kwa basi. Nikavaa viatu nikatoka naye hadi stendi, nikitembea polepole ubavuni mwake katikati ya barabara, ili majirani wote waone kwamba binti wa nyumba ile ameondoka akisindikizwa.