Jeneza la Umoja

Tuntufye hakuwahi kula hata senti ya umoja wetu, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mwizi tungejua la kumfanya.

Umoja wa Wanachuo wa Ileje ulianza na maharage. Kila aliyerudi chuoni Tunduma kutoka likizo alileta sado moja ya kwao, ile ndoo ndogo ya kupimia, yanauzwa mpakani, hela inawekwa. Ahadi ilikuwa moja: mwenzetu akifiwa na mzazi, jeneza ni letu. Tulipohitimu tukaendelea kuchanga kwa simu, mfuko ukanenepa. Uhazina tukampa Tuntufye kwa sababu ni mlokole na hufunga shati hadi kifungo cha shingoni. Akili zetu hizo!

Lakini mtu wa mpakani akiona hela imelala, anaumwa. Mwaka huu Tuntufye alinunua kwacha, hela ya Zambia, kwa mfuko wote, akingoja msimu wa mahindi bei yake ipande, aje atushangaze mkutanoni. Ikashuka. Akauza kwa hasara, akajaribu tena kwa kilichobaki, nacho kikaenda. Tamaa mbele, mauti nyuma, na tamaa yenyewe ilikuwa kwa ajili yetu.

Ndipo baba yake Judith, mwanachama mwenzetu, akafariki kwao Itumba. Tuntufye akampigia simu.

"Dada Judith, hela ya jeneza haipo. Nimeipoteza kwenye kwacha. Nisamehe."



"Wewe njoo tu uzike, kaka," akasema Judith, akakata simu.

Tuntufye alikwenda.  Sisi tusiojua lolote tulikaa mbele na tisheti zetu za umoja, tukijiona watu kweli.

Kwetu michango husomwa makaburini, kila kitu na jina la aliyetoa. Msomaji alikuwa Gwamaka, kaka yake Judith, ambaye jana yake aliuza ng'ombe wake wa maziwa akanunua lile jeneza. Akasoma kama dada yake alivyomsihi: "Jeneza, Umoja wa Wanachuo."

Mama yao mjane, ambaye naye hakuambiwa, akauliza anayetunza hela hizo ni nani.

"Simama, mwanangu, nikuone."

Tuntufye akasimama. Mama akamshika mikono yote miwili, akamwombea kwa sauti: Mungu amzidishie kijana huyu mwaminifu.

Watu wote wakaitikia, "Amina." Gwamaka naye akaitikia.