Masizi Ukweni Iguhu

Aibu ninayo, sikatai, lakini leo mtanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kule Iguhu hakuna aliyenisikiliza.

Nilienda kwa kina Rael kujitambulisha, siku ambayo babake angesema kama ananipa binti au hanipi. Mzee alikuwa ameshasikia nafanya kazi ya gesi na hakufurahia (kwake gesi ni kitu cha kulipukia watu), nikaamua nimbebee ushahidi, mkebe wa masizi kutoka maabara yetu ya Kakamega mjini. Sisi hatuchomi gesi asilia, tunaipasha moto mkali bila hewa mpaka inaachana, haidrojeni inatoka itumike kama nishati, na kaboni inabaki chini kama unga mweusi badala ya kupaa na moshi. Unga huo ndio fahari yetu. Sasa Senge, shangazi yake Rael, akanipokea jikoni, akauliza mkebe una nini, na mimi kwa uvivu wa kueleza nikamwambia, "Ni majivu tu, Senge. Safi kuliko ya jikoni."

Nikauacha hapo, nikaenda kukaa sebuleni na wazee. Kumbe munyu wa kulainisha mboga ulikuwa umeisha, na munyu si hutengenezwa kwa majivu, na mgeni si ameleta majivu safi?

Obusuma, yaani ugali, ikaja, kuku wa ingokho akaja, na likhubi, mboga ya kunde, likaja jeusi tititi. Mzee akala kwa heshima, akanitabasamia, na meno yote yalikuwa meusi.

"Senge, hii mboga umeweka nini?" nikauliza.

"Majivu ya mkwe. Alisema ni safi."

Nikasimama nieleze, na wazee wanajifuta ndimi kwa leso.

"Kwani huko mnachomanga nini?" Mzee akauliza.

"Hatuchomi, Baba, ndiyo maana kuna masizi."

Nilisikika kama mwendawazimu, na ni ukweli mtupu. Hebu niambieni, nani hupika mzigo wa mgeni bila kumuuliza? Masizi yalitua mkebeni yote, hayakupaa hata kidogo, kazi imefaulu kabisa, halafu mchafu ni mimi?

Mzee akasukuma sahani. "Kijana, rudi ukishapata kazi safi."

Rael, niliyemtegemea anitetee, alicheka mpaka machozi, na meno yake meusi vilevile.

Nitarudi. Nitabeba sukari na sabuni kama wanaume wengine, na nikiulizwa kazi yangu, nauza viatu.