Kanzu ya Pasta

Kwenye gare ya Kolwezi, familia zenye asili ya Kasai, zilizofukuzwa mjini kwa sababu ya kabila lao, zilikuwa zikingoja treni. Juu ya mizigo alikaa mjane wa yule pasta Mbatisti maarufu aliyebatiza nusu ya mji. Shemasi wa kanisa lake akamjia, kofia mkononi.

"Mama, tuachie kanzu ya ubatizo ya tata pasta. Tutaitundika mu kanisa, batu bamukumbuke."

"Weye, ni nani alikubatizaka?"

"Ni yeye, mama."

"Na ni nani aliandika jina yangu pa liste ya kufukuzwa?"

Shemasi akapangusa kofia yake. Mama akafungua furushi, akamtupia kanzu. Mwenzetu akaikunja kwa adabu kubwa, isije ikachafuka.

Jumapili niliikuta juu ya mimbari, kwaya ikiimba chini yake. Katika mtaa mzima, kanzu hiyo ndiyo Mkasai pekee aliyeruhusiwa kubaki.